Siyu na Miji Mingine ya Vitabu

Watu wakitaka kuupima mji hutazama mambo yaonekanayo upesi. Huhesabu majumba yake, hutazama upana wa njia zake, huuliza bandari yake yapokea meli ngapi na soko lake lauza nini. Ni wachache waulizao: Je, watu wa mji huu husoma? Na kama husoma, husoma nini, na vitabu vyao hutoka wapi? Msomaji wangu, nataka tuulize swali hilo juu ya miji ya pwani yetu. Nakuonya mapema kwamba ukubwa wa mji hautatusaidia sana katika safari hii. Mji nitakaokaa nao kitako zaidi ya mingine yote ni mdogo, nao katika ramani nyingi za shule hautiwi hata nukta.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kipimo. Sisi wa leo tumezoea kusema "kusoma na kuandika" kwa pumzi moja, kana kwamba ni kazi moja. Zamani haikuwa hivyo. Sayyida Salme, binti Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alifundishwa kusoma Kurani katika nyumba ya kifalme pamoja na nduguze. Lakini kuandika hakukuwa fungu la wasichana. Alijifundisha kwa siri, akiiga herufi alizoziona katika msahafu, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilitolewa Berlin kwa lugha ya Kijerumani. Basi mtoto wa mfalme, katika jumba lenye kila kitu, aliiba elimu ya kuandika kama mtu aibavyo sukari. Ukiwa na jambo hilo akilini, hutakubali upesi mtu akikuambia kwamba mji fulani ulikuwa "mji wa wasomi". Utamwuliza: Wasomi wepi? Wangapi? Na nani aliachwa nje ya mlango?

Lipo pia swali la tatu, ambalo wengi hulisahau. Mji waweza kuwa na wasomaji wengi, na vitabu vyao vyote vikawa vimetoka nchi nyingine. Kutengeneza kitabu ni kazi mbali. Timbuktu, mji wa jangwani huko Mali, umesifiwa dunia nzima kwa ajili hiyo. Msafiri Leo Africanus, aliyeandika katika karne ya 16, alisema kwamba huko vitabu vililetea wafanya biashara faida kuliko bidhaa nyingine. Kila kijana wa Kenya aliyesoma historia amepata kulisikia jina la Timbuktu, wala sina neno juu ya hilo, kwani sifa zake ni za haki. Ninalostaajabia ni kwamba kijana huyo huyo, akiulizwa juu ya Siyu, hutazama dari.

Siyu ni mji ulioko katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu. Hauko mbele ya bahari kama Mombasa. Umejificha ndani ya mkono wa maji uliozungukwa na mikoko, na chombo kikitaka kuingia hungoja maji yajae. Padri mmoja Mreno, Gaspar de São Bernardino, alipofika kisiwani mwaka 1606 aliandika kuwa Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote ya kisiwa kile. Baadaye Pate ulipata nguvu na sifa, kisha Pate nao ukaanguka, na katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ukawa mji wa mafundi. Walikuwako mafundi wa ngozi, waliotengeneza viatu na mishipi. Walikuwako wachonga milango na samani. Walikuwako wahunzi na wafumaji. Na miongoni mwa mafundi hao walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kunakili vitabu.

Fikiri kidogo, msomaji, kazi hiyo ilikuwa na maana gani. Hakuna mashine. Karatasi haikutengenezwa pwani. Ililetwa kwa vyombo kutoka ng'ambo, na nyingi ilikuwa imetengenezwa Ulaya. Iliuzwa ghali, na jani moja likiharibika ni hasara. Mwandishi huketi chini, kalamu yake ni ya tete iliyochongwa kwa kisu, na wino wake mweusi umo katika kidau. Mbele yake kuna nakala ya zamani. Huandika mstari baada ya mstari, wala haruhusiwi kukosea, kwa kuwa analoliandika kwa imani yake ni neno la Mungu, na herufi moja ikipotea maana hupotea. Kurani ina juzuu 30. Nyingine ziliandikwa katika mijaledi kadhaa, ili watu wengi waweze kusoma kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Misahafu ya Siyu iliyosalia hutambulikana kwa rangi zake: nyeusi, nyekundu na njano, na kwa mapambo yazungukayo kurasa, ambayo ukiyatazama vizuri yakukumbusha nakshi za milango ya miji ile ile.

Kurasa zikiisha huenda kwa mjalidi. Hapo ndipo twaona kwa nini kazi hii ilistawi Siyu. Mjalidi ahitaji ngozi laini, na Siyu palikuwa pahali pa watu waliojua ngozi. Msahafu ukiisha kujalidiwa wahitaji marufaa ya kuulaza wakati wa kusoma, na Siyu palikuwa na wachongaji. Nadhani hatutakosea tukisema kwamba elimu ya Siyu ilikaa juu ya mikono ya mafundi wake. Vijana wengi wa siku hizi hudhani kitabu ni kazi ya akili tupu, na wakiona fundi wa ngozi hawamhesabu miongoni mwa watu wa elimu. Huko Siyu walikuwa mtaa mmoja, na pengine nyumba moja.

Wala usidhani kuwa mji huu wa vitabu ulikuwa mji wa watu wapole. Sayyid Said, aliyekuwa ametawala sehemu kubwa ya pwani kutoka Unguja, alitaka Siyu umtii. Siyu ukakataa. Mwaka 1844 jeshi lake lilishuka kisiwani likashindwa, na jemadari wake mkuu akauawa. Likajaribu tena miaka michache baadaye, likashindwa tena. Siyu haukuingia chini ya Unguja mpaka mwaka 1863, zamani za Sayyid Majid. Ngome ya mawe ingali imesimama kando ya maji hata leo, na watalii wachache wafikao huipiga picha. Ngome waiona kwa macho. Misahafu hawaioni, kwa sababu mingi imekwisha tawanyika, mingine imo katika nyumba za watu, mingine katika majumba ya makumbusho ya nchi za mbali.

Kiongozi wa Siyu katika vita vile alikuwa Bwana Mataka. Jina lake lingalibaki katika vitabu vya vita peke yake, lakini alikuwa na mke ambaye amempita kwa sifa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Ni wosia wa mama mgonjwa kwa mtoto wake wa kike, nao waanza kwa kumwita mtoto aje na wino na karatasi. Ulinganishe mwanzo huo na habari ya Sayyida Salme, aliyejificha na mfupa wake wa ngamia wakati ule ule. Katika nyumba ya Mwana Kupona wino na karatasi viliombwa kama viombwavyo maji ya kunywa. Sisemi kwamba wanawake wote wa visiwa vya Lamu walijua kuandika, sivyo. Nasema kwamba mji mdogo uliweza kumpa mwanamke nafasi ambayo jumba kubwa lilimnyima mwenziwe. Tena utendi ule haukufa na mtunzi wake. Wanawake waliunakili, wakauhifadhi kwa moyo, wakawafundisha binti zao.

Pate, mji aliozaliwa Mwana Kupona, ulikuwa umekwisha toa vitabu vyake kabla yake. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Bwana Mwengo katika mji huo, na hati yake moja yenye tarehe ya mwaka 1728 imehifadhiwa Hamburg, nchi ya Ujerumani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya utajiri wa Pate. Hapa nitazame neno moja, kwa kuwa lanihusu mimi na kazi yangu. Umeona jina hilo, Chuo cha Herekali. Katika Kiswahili cha zamani neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu. Mahali watoto walipoketi na vitabu pakaitwa chuoni, na mtu aliyevijua akaitwa mwanachuoni. Mimi hufundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka wanafunzi wapya hucheka ninapowaambia kwamba, kwa lugha ya wazee wa Pate, wamekuja kukaa ndani ya kitabu.

Tuvuke sasa twende Lamu. Lamu ulirithi mengi baada ya Pate kudhoofika, lakini elimu yake ilikuwa na kizuizi: wenye nasaba walipenda kuishika mikononi mwao. Uchumi wa miji hii ulitegemea mashamba ya bara, na mashamba yalilimwa na watumwa. Sina budi kulisema jambo hili waziwazi, maana wako waandishi wausifuo ustaarabu wa pwani pasipo kutaja ni nani aliyekuwa akilima mwenye kitabu alipokuwa akisoma. Mabadiliko yaliletwa na mtu aliyetoka Visiwa vya Ngazija. Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilail, alikaa Lamu akawafundisha watu wa kila namna, wakiwamo waliokuwa watumwa na wana wao. Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Yeye akaendelea, na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa Riyadha ukajengwa, ukawa kituo cha elimu kilichovuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Alifariki mwaka 1935. Kwa maoni yangu, siku mtoto wa mtumwa alipofungua kitabu Riyadha, Lamu ulipanda daraja kama mji wa wasomaji kuliko siku yoyote mtukufu wake alipotunga kasida.

Katika Lamu hiyo hiyo aliishi Muhamadi Kijumwa, mtu ambaye bila yeye tungekuwa maskini. Alizaliwa karibu na mwaka 1855, akafa 1945. Alikuwa mtunzi, mchonga nakshi, na zaidi ya yote mwandishi wa hati nzuri. Wataalamu wa Ulaya walipoanza kutafuta tenzi za zamani, walimwendea yeye: Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, na Ernst Dammann wa Ujerumani aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Kijumwa aliwanakilia tenzi nyingi kwa mkono wake, nazo zikaenda London na Hamburg. Watu hubishana juu ya jambo hili. Wako wasemao kwamba mali yetu ilichukuliwa. Wako wasemao kwamba iliokolewa na mchwa na unyevu wa kisiwani. Mimi naona kwamba pande zote mbili zamsahau Kijumwa mwenyewe, aliyekuwa fundi mwenye kazi yake na aliyeifanya kwa ujira. Hakuibiwa. Lakini ni kweli kwamba mwanafunzi wa Lamu aliyetaka kuziona hati zile baadaye ilimlazimu avuke bahari.

Mombasa yataka kipimo kingine kabisa. Mtunzi wake mashuhuri, Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi kama watu wanavyozungumza barazani: ya vita, ya mapenzi, ya bei ya chakula. Mashairi yale yalikaa vifuani mwa watu. Miaka mingi baada ya Muyaka kufa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa kuyasikia kutoka kwa wazee, akayaandika, akisaidiana na W. E. Taylor, mmishenari. Kitabu kamili kikachapishwa mwaka 1940 huko Afrika ya Kusini. Je, mji uhifadhio mashairi yake miaka hamsini bila karatasi ni mji usiosoma? Sipendi kulijibu swali hilo kwa haraka. Mombasa, baada ya hayo, ulitoa gazeti. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, baba yake Profesa Ali Mazrui, alianza na gazeti dogo liitwalo Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Aliwaandikia watu wa mji wake kwa lugha waijuayo, akiwakaripia kwa uvivu wao na kuwahimiza waende shule. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu.

Unguja ndio uliotangulia kwa mitambo. Wamishenari wa UMCA waliofika mwaka 1864 pamoja na Edward Steere walileta mtambo wa kuchapia, na vijana wa shule yao walifundishwa kupanga herufi. Sultani Barghash naye, aliyekuwa ameona Bombay na Ulaya, alisimamisha mtambo wake karibu na mwaka 1880, na vitabu vya sheria na dini kwa Kiarabu vikaanza kutoka hapo. Basi katika mji mmoja mitambo miwili ilikuwa ikifanya kazi, mmoja kwa herufi za Kirumi na mwingine kwa herufi za Kiarabu, na wasomaji wa huu mara nyingi hawakuweza kusoma wa ule.

Hapo ndipo penye kidonda cha hadithi yetu. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hata Wajerumani walipoanza kutawala Tanganyika waliandikiana na majumbe kwa herufi hizo. Kisha serikali za kikoloni, upande wao na upande wetu, zikazifanya herufi za Kirumi kuwa herufi za ofisi na za shule. Zilikuwa na sababu zake, na sikatai kwamba herufi za Kirumi zina faida. Herufi za Kiarabu hazionyeshi irabu zetu zote vizuri, na maneno mengine husomeka kwa namna mbili tatu. Lakini tazama matokeo. Mzee wa Siyu au wa Lamu, aliyesoma tangu utotoni, aliyeandika barua zake na hesabu za chombo chake kwa mkono wake, alifika mbele ya karani akaambiwa atie kidole gumba katika wino. Katika daftari ya karani alikuwa mtu asiyejua kusoma. Mji mzima uliweza kugeuka kuwa mji wa wajinga pasipo mtu hata mmoja kusahau herufi moja. Ukisikia hesabu za siku zile juu ya watu waliojua kusoma, uliza kwanza zilihesabiwa kwa herufi gani.

Nairobi nitaupitia mbio. Ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, haukuwa na mashairi wala misahafu ya kurithi. Mwaka 1931 ulipata Maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo akasoma. Mwaka 1962 Baraza la Jiji liliichukua ikawa ya watu wote. Mwaka 1965 sheria ya Bunge ilianzisha huduma ya maktaba ya taifa, na mwaka 1996 huduma hiyo ikaanza kuwapakia ngamia vitabu huko Garissa, wawapelekee wafugaji wasioweza kuifuata maktaba mjini. Sayyida Salme angaliona jambo hilo, nadhani angalicheka, yeye aliyejifunza juu ya mfupa wa mnyama yule yule.

Turudi Lamu kabla hatujaagana. Katika karne hii ya 21 hati za Riyadha zilitolewa makabatini, zikasafishwa, zikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza iliyoko London. Ni vitabu vya sheria, vya sarufi, vya sala na vya mashairi, vingine vimenakiliwa pwani hii hii na vingine vimeletwa kutoka Arabuni. Safari hii ziliondoka picha tu, na vitabu vyenyewe vikarudishwa mahali pake. Katika vingi vyake, kwenye ukurasa wa mbele, mwenye kitabu wa zamani ameandika kwa mkono wake kwamba amekitoa wakfu kwa wanafunzi, kisiuzwe wala kisirithiwe.